Mabomba ya chuma ya mraba na ya duara katika mashine

Bomba la mraba na bomba la duara ni aina mbili za mabomba ya feleji zinazotumika sana katika kutengeneza mashine, zana za kilimo, magari na mitambo ya viwandani. Yote mawili yana uwazi ndani. Tofauti yao ni umbo la mkato, yaani umbo linaloonekana bomba linapokatwa kwa msumeno na kutazamwa kwa mbele.

Swali la kawaida ni: lipi lina nguvu zaidi? Swali hilo halina jibu moja. Jibu hutegemea mambo matatu: aina ya nguvu inayolikabili bomba, kama mabomba hayo yanalinganishwa kwa upana au kwa uzito, na namna bomba litakavyoungwa na sehemu nyingine za mashine. Kwa jumla, bomba la mraba hufaa kwa fremu na miguu ya mashine kwa sababu nyuso zake bapa hurahisisha kupima, kukata na kuunga. Bomba la duara hufaa kwa sehemu zinazozunguka, zinazosokotwa, zinazopindwa kwa mashine ya kupindia au zinazobeba shinikizo la maji, mafuta au hewa.

## Majina na vipimo

Katika Afrika Mashariki mafundi wengi huliita bomba la mraba *skwea paipu*. Lile lenye pande mbili ndefu na mbili fupi ni bomba la mstatili. Bomba la mraba hutajwa kwa upana wake wa nje na unene wa ukuta. Kwa mfano, "50 kwa 50 kwa 3" ni bomba lenye upana wa mm 50 kila upande na ukuta wenye unene wa mm 3.

Bomba la duara hutajwa kwa njia mbili, na hapo ndipo makosa mengi ya ununuzi hutokea. Mabomba yaliyotengenezwa kwa ajili ya miundo hutajwa kwa kipenyo halisi cha nje. Mabomba ya maji na gesi hutajwa kwa inchi ambazo ni jina tu. Si kipimo halisi cha nje. Bomba la maji la "inchi 1" lina kipenyo cha nje cha mm 33.7, wala si mm 25.4. La "inchi moja na nusu" lina mm 48.3, na la "inchi 2" lina mm 60.3. Kwa sababu hiyo bomba la maji la inchi 2 ni pana kuliko bomba la mraba la inchi 2 kwa karibu mm 10, ingawa dukani yote mawili huitwa ya inchi 2.

Unene wa ukuta ni muhimu kuliko unavyoonekana kwa macho. Kiwango cha Ulaya EN 10219, kinachohusu mabomba ya miundo yaliyokunjwa yakiwa baridi, huruhusu unene kupungua au kuongezeka kwa asilimia 10 kwa kuta zisizozidi mm 5. Sokoni hupatikana mabomba yaliyo membamba kuliko hapo. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kupima ukuta kwa vernia kalipa kwenye ncha iliyokatwa vizuri, au kulipima bomba zima kwa mizani. Bomba la 50 kwa 50 kwa 3 lina uzito wa kg 4.25 kwa kila mita, hivyo la mita 6 linapaswa kuwa na kg 25.5 hivi. Likiwa na kg 20 tu, ukuta wake ni karibu mm 2.3.

## Utengenezaji

Mabomba mengi ya duara na ya mraba huanzia kwenye ukanda mrefu wa bamba la feleji uliofungwa kama roli kubwa. Ukanda hupitishwa kati ya jozi nyingi za rola zinazoukunja kidogo kidogo mpaka kingo zake mbili zikutane. Umeme mkali huyeyusha kingo hizo, nazo hubanwa zikashikana. Hivyo bomba huwa na mshono mmoja ulionyooka kwa urefu wake wote. Mara nyingi mshono huo huonekana au huhisika ukipapaswa kwa kidole ndani ya bomba.

Bomba la mraba kwa kawaida huwa la duara kwanza. Baada ya mshono kuunganishwa, rola nyingine huligandamiza pande nne mpaka lipate nyuso bapa. Kwa hiyo kona zake haziwi kali kama za sanduku bali huviringika kidogo. EN 10219 hutaka nusu kipenyo cha nje cha kona kiwe kati ya mara 1.6 na mara 2.4 ya unene wa ukuta, kwa kuta zisizozidi mm 6. Feleji ya kwenye kona imekunjwa ikiwa baridi, hivyo huwa ngumu zaidi lakini uwezo wake wa kukunjwa tena bila kupasuka hupungua.

Kuna pia mabomba yasiyo na mshono. Hutengenezwa kwa kutoboa kipande kizima cha feleji kikiwa cha moto mwekundu, kisha kukirefusha. Haya hutumiwa zaidi pale penye shinikizo kubwa, kama katika silinda za haidroli na mabomba ya boila.

## Historia

Mwaka 1825 Mwingereza Cornelius Whitehouse alipata hataza ya njia ya kutengeneza mabomba kwa kuvuta ukanda wa chuma cha moto kupitia tundu linaloukunja na kuzishikanisha kingo zake. Njia hiyo ilirahisisha utengenezaji wa mabomba ya kusambaza gesi ya taa mijini. Mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Reinhard na Max Mannesmann wa mji wa Remscheid, walipata hataza ya njia ya kutengeneza bomba lisilo na mshono kwa rola zilizowekwa mshazari.

Swali la duara au mraba lilichunguzwa kwa majaribio makubwa katika karne ya 19 wakati wa kupanga daraja la reli la Britannia huko Wales. Mhandisi Robert Stephenson alitaka treni zipite ndani ya bomba kubwa la chuma. Kuanzia mwaka 1845 William Fairbairn alijaribu vielelezo vya mabomba ya duara, ya yai na ya mstatili, akisaidiwa na mwanahisabati Eaton Hodgkinson. Majaribio yalionyesha kwamba bamba jembamba la upande wa juu, linalogandamizwa bomba linapopinda, hukunjika kabla ya bamba la chini kukatika. Umbo la mstatili lilichaguliwa, na upande wake wa juu ukaimarishwa kwa vyumba vidogo vidogo. Daraja lilifunguliwa mwaka 1850.

Miaka 40 baadaye daraja la Forth huko Uskoti, lililofunguliwa mwaka 1890, lilifuata njia nyingine. Viungo vyake vikuu vinavyogandamizwa ni mabomba ya duara ya feleji yenye kipenyo cha karibu mita 3.7, ilhali viungo vinavyovutwa ni vya umbo la kimia. Wahandisi wa madaraja hayo mawili walifikia majibu tofauti kwa sababu kazi za mabomba yao zilikuwa tofauti. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika katika mashine hadi leo.

## Nguvu zinazolikabili bomba

### Kupinda

Bomba lililoegemezwa kwenye ncha zake mbili na kuwekewa mzigo katikati hunepa. Upande wake wa juu hugandamizwa na wa chini huvutwa. Chuma kilicho mbali na mstari wa katikati hufanya kazi kubwa kuliko kilicho karibu nao. Ndiyo maana bomba lenye uwazi hutumia chuma vizuri kuliko nondo nzima yenye uzito uleule.

Wahandisi hupima mtawanyiko huo wa chuma kwa kipimo kiitwacho *momenti ya pili ya eneo*. Kadiri kipimo hiki kinavyokuwa kikubwa, ndivyo bomba linavyonepa kidogo. Jedwali lifuatalo linalinganisha mabomba matatu yenye ukuta wa mm 3. Mnepo na mkazo vimekokotolewa kwa bomba la urefu wa mita 1 lililoegemezwa ncha zote mbili na kubeba katikati mzigo wa newtoni 2,000, yaani uzito wa karibu kilo 200.

| Bomba | Uzito kwa mita | Momenti ya pili ya eneo | Mnepo katikati | Mkazo mkubwa |
|---|---|---|---|---|
| Mraba, mm 50 kwa 50 | kg 4.25 | sm⁴ 19.5 | mm 1.0 | N/mm² 64 |
| Duara, mm 48.3 | kg 3.35 | sm⁴ 11.0 | mm 1.8 | N/mm² 110 |
| Duara, mm 60.3 | kg 4.24 | sm⁴ 22.2 | mm 0.9 | N/mm² 68 |

Safu mbili za kwanza zinaonyesha mabomba yenye upana unaokaribiana. Hapo bomba la mraba hunepa karibu nusu ya lile la duara, lakini pia lina uzito zaidi. Safu ya kwanza na ya tatu zinaonyesha mabomba yenye uzito sawa. Hapo bomba la duara ndilo linalonepa kidogo, ingawa mkazo wake ni mkubwa kidogo. Kwa hiyo wanaosema mraba ni bora na wanaosema duara ni bora wanaweza wote kuwa sahihi: wa kwanza wanalinganisha upana, wa pili wanalinganisha kilo.

Bomba la mraba hunepa sawasawa hata likiwekwa kwa kona, lakini mkazo wake huongezeka kwa sababu kona iko mbali zaidi na katikati. Kwa hiyo mzigo wa kupinda ni bora ukae juu ya uso bapa. Bomba la duara halina tatizo hilo. Kwake kila upande ni sawa. Kama mzigo unatoka upande mmoja tu, bomba la mstatili lililosimamishwa kwa upande wake mrefu huweza kuwa bora kuliko yote mawili.

### Kusokotwa

Bomba husokotwa ncha moja inapozungushwa huku nyingine ikizuiwa. Hapa umbo la duara lina faida kubwa. Kwa uzito sawa na kuta nyembamba, bomba la duara ni kakamavu zaidi katika msokoto kwa asilimia 60 hivi kuliko bomba la mraba. Ndiyo sababu shafti ya propela inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi ekseli ya nyuma ya lori ni bomba la duara. Umbo hilo pia huwa na mizani linapozunguka kwa kasi.

Maumbo yote mawili ni bora sana kuliko chuma cha wazi. Bomba la 50 kwa 50 kwa 3 likipasuliwa mfereji mmoja kwa urefu wake wote, ukakamavu wake katika msokoto hupungua zaidi ya mara 100. Hivyo fremu ya mashine iliyojengwa kwa chuma cha pembe (angalaini) hujisokota kwa urahisi, na mtu asikate nafasi ndefu katika ubavu wa bomba la fremu ili kupitisha mkanda au nyaya.

### Kugandamizwa

Mguu wa mashine hugandamizwa kutoka juu. Mguu mrefu na mwembamba huweza kuinama ghafla kabla ya feleji yenyewe kushindwa. Kwa uzito sawa bomba la duara hustahimili kidogo zaidi kuliko la mraba. Katika mashine nyingi ndogo, hata hivyo, miguu ni mifupi, na tofauti hiyo haihisiki. La muhimu zaidi ni kuunganisha miguu kwa vyuma vya mshazari ili fremu isiyumbe.

### Shinikizo la ndani

Hili ni jambo la usalama. Ukuta wa bomba la duara huvutwa sawasawa pande zote na shinikizo la ndani. Nyuso bapa za bomba la mraba hujaribu kuvimba ziwe duara, na kona zake hupindwa kwa nguvu. Kwa shinikizo la baa 10, mkazo katika ukuta wa bomba la duara la mm 48.3 lenye ukuta wa mm 3 ni takriban N/mm² 7. Katika bomba la mraba la upana na unene unaokaribiana, mkazo kwenye kona huzidi N/mm² 100, yaani zaidi ya mara 10. Kwa hiyo fremu ya bomba la mraba isitumiwe kama tangi la hewa ya kompresa. Hata bomba la duara la miundo halifai kwa kazi hiyo, kwa sababu halijapimwa kwa shinikizo.

## Ukakamavu na uimara

Uimara ni uwezo wa kubeba mzigo bila kukatika au kupinda moja kwa moja. Ukakamavu ni uwezo wa kubeba mzigo bila kunepa sana. Katika mashine, mara nyingi ukakamavu ndio huamua. Katika jedwali hapo juu mkazo mkubwa kuliko yote ni N/mm² 110, ilhali feleji ya kawaida ya daraja la S235 huanza kupinda moja kwa moja kwenye N/mm² 235. Hakuna bomba linaloelekea kuvunjika. Lakini mnepo wa mm 1.8 unatosha kutoa puli katika mstari, kula mkanda na kuharibu beringi mapema.

Kununua feleji ya daraja la juu, kama S355, hakupunguzi mnepo. Aina zote za feleji ya miundo hunepa karibu sawa chini ya mzigo uleule. Tofauti yake ni pale zinapoanza kuharibika. Dawa ya mnepo ni umbo. Bomba la mraba la 60 kwa 60 lenye ukuta wa mm 2 lina kg 3.56 kwa mita na momenti ya sm⁴ 25.1. Ni jepesi kuliko lile la 50 kwa 50 kwa 3, na bado ni kakamavu zaidi kwa asilimia 29 hivi. Hata hivyo ukuta mwembamba hubonyea likigongwa, hutoboka upesi kwa moto wa kuchomelea na huliwa na kutu mapema. Fundi hupanua bomba mpaka pale ukuta unapobaki mnene wa kutosha kuvumilia matumizi.

## Viungo

Mashine nyingi zilizoharibika hazikuvunjika katikati ya bomba bali kwenye kiungo. Kwa hiyo urahisi wa kuunga una uzito mkubwa katika uchaguzi.

Bomba la mraba hukatwa kwa pembemraba au kwa nyuzi 45, kisha huegemezwa juu ya jingine bila mwanya. Pimamaji na rula ya pembe hukaa vizuri juu ya uso wake. Bomba la duara likiungwa ubavuni mwa jingine la duara, ncha yake lazima ichongwe mfano wa mdomo wa samaki ili ilikumbatie bomba la pili. Bila mashine maalumu kazi hiyo hufanywa kwa grainda na tupa, na huchukua muda. Mwanya ukibaki mkubwa, fundi huujaza kwa risasi nyingi za kuchomelea, na kiungo huwa dhaifu.

Bomba la mraba nalo lina udhaifu wake. Bomba jembamba likichomelewa katikati ya uso bapa wa bomba pana, nguvu yake hubebwa na uso huo pekee, nao hunesa kama ngozi ya ngoma. Mashine ikitetemeka kwa muda mrefu, ufa huanza kando ya mshono. Ni bora mabomba yanayokutana yawe na upana sawa au unaokaribiana, ili nguvu ipite moja kwa moja kwenye kuta za pembeni. Isipowezekana, bamba la kuimarisha huchomelewa kwanza juu ya uso.

Kwa bolti, bomba la mraba ni rahisi kwa sababu keekee haitelezi na nati hukaa bapa. Lakini bolti iliyopita bomba zima ikikazwa sana huzibonyeza kuta mbili zikaribiane, kisha hulegea. Dawa yake ni kuchomelea kipande kifupi cha bomba la duara ndani ya tundu, ili bolti ipite humo na kukaza chuma kigumu. Tundu lisitobolewe juu ya mshono wa kiwandani wala kwenye kona.

Kuna pia viungo vya kubana. Kibano juu ya bomba la duara huweza kuzungushwa mpaka pembe inayotakiwa, lakini chini ya nguvu kubwa huteleza. Juu ya bomba la mraba hakizunguki. Ndiyo sababu boriti ya kufungia majembe ya kulimia nyuma ya trekta mara nyingi ni ya mraba: udongo husukuma kila jembe kwa nguvu kutaka kulizungusha boritini.

## Matumizi ya kawaida

Bomba la mraba na la mstatili hutumika kwa:
- fremu za mashine za kusaga na kukoboa nafaka, kukata majani na kufyatua matofali;
- meza za karakana na vitako vya injini na mota;
- fremu za trela, ambazo hubeba mzigo kutoka juu;
- boriti za zana za trekta.

Bomba la duara hutumika kwa:
- shafti zenye uwazi, rola za mikanda ya kusafirishia mizigo, na ngoma za mashine za kupukuchulia mahindi;
- silinda za haidroli na njia za maji, mafuta na hewa;
- mikono ya toroli, vishikio na reli za kinga, kwa kuwa hazina kona za kuumiza mkono;
- fremu za baiskeli na pikipiki, pamoja na vizimba vya kinga vya magari ya mashindano, ambavyo hupindwa na huweza kugongwa kutoka upande wowote.

Bomba la duara hupindwa vizuri kwa mashine ya kawaida ya kupindia. La mraba likipindwa bila vifaa vyake, upande wa ndani wa kona hukunjamana na kupoteza nguvu.

Mashine nyingi huchanganya yote mawili. Katika mashine ya kupukuchulia mahindi, fremu huwa ya mraba na ngoma inayozunguka huwa ya duara. Shafti inayopeleka nguvu kutoka trekta hadi kwenye zana ni mfano wa pekee: imeundwa kwa mabomba mawili, moja likiteleza ndani ya jingine trekta linapokata kona. Yangekuwa ya duara, la ndani lingezunguka peke yake bila kupeleka nguvu. Kwa hiyo hupewa umbo lenye pembe, kama pembetatu, mraba au nyota.

## Mtetemo, kutu na usalama

Kila fremu ina kasi yake ya kutetemeka. Ikilingana na mzunguko wa injini, mtetemo huongezeka sana. Injini inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hutikisa fremu mara 25 kwa sekunde. Kuongeza ukakamavu bila kuongeza uzito huipandisha kasi ya fremu na kuitoa katika hatari hiyo. Mishono ya kuchomelea iwekwe mbali na sehemu inayovutwa zaidi, ambayo mara nyingi ni upande wa chini katikati ya boriti, kwa kuwa uchovu wa metali huanzia penye mshono.

Kutu ya ndani haionekani. Maji yakiingia katika bomba la mguu yakakosa pa kutokea, huula ukuta kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa bado nzuri. Ncha zizibwe kabisa, au kuachwe tundu dogo la kutolea maji upande wa chini. Juu ya bomba la mraba lililolala, vumbi na unga hutuama. Juu ya la duara huteremka. Katika mashine za vyakula, jambo hilo hurahisisha usafi.

Bomba lililozibwa pande zote lisipashwe moto kabla ya kutobolewa. Unyevu uliomo hugeuka mvuke na huweza kulipasua. Fremu inayopelekwa kuchovywa katika zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi za Selsiasi 450 hivi, lazima iwe na matundu ya kutolea hewa kwenye kila bomba. Kuchomelea bomba lililopakwa zinki hutoa moshi unaoleta homa. Zinki isagwe kwanza mahali pa mshono, na kazi ifanyike penye hewa ya kutosha.

## Hatua za kuchagua

1. Kutambua nguvu kuu: ni ya kupinda, kusokota, kugandamiza au shinikizo la ndani. Penye msokoto mkubwa au shinikizo, duara hutangulia.
2. Kuamua kama sehemu hiyo inazunguka au imetulia. Inayozunguka huwa ya duara.
3. Kuangalia kipi ni haba: nafasi au uzito. Nafasi ikiwa ndogo, mraba hutoa ukakamavu zaidi kwa upana uleule. Uzito ukiwa ndio tatizo, duara pana zaidi hutoa ukakamavu zaidi kwa kilo zilezile.
4. Kuhesabu mnepo unaoruhusiwa na beringi, gia au mikanda, kisha kuchagua upana na unene.
5. Kufikiria viungo na vifaa vilivyopo karakanani. Pasipo na mashine ya kuchonga ncha, fremu ya mraba huwa imara zaidi kwa sababu viungo vyake hukutana vizuri.
6. Kulinganisha gharama nzima: bei ya chuma, muda wa kukata na kuunga, na rangi.
7. Kupima bomba lililonunuliwa kabla ya kulikata, kwa kuwa hesabu zote hapo juu hutegemea unene halisi wa ukuta.